Nisipojipata

Saa nane usiku, Mnyambe imelala.
Mimi niko macho na kucha zangu.
Kumeanzia kwenye kifundo cha mguu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi,
kisha goti, kisha paja, kisha kisogoni,
na sasa hakuna hodi tena, mlango unavunjwa.

Mwaka wa tatu huu.
Kulianza msimu wa salfa, tukipulizia mikorosho.
Nikasema ni vumbi, litatoka.
Nikaoga. Huku juu maji tunanunua kwa dumu,
nikaoga mpaka mume wangu akauliza
naoga au namwagilia bustani.

Mwezi wa Ramadhani alihamia chumba cha magunia.
Hakugomba. Alikunja mkeka wake tu, akasema,
"Mama Fadina, unakwaruza kama panya darini,
nami alfajiri nina shamba."
Nilicheka naye.
Alipofunga mlango nikajikuna
hadi shuka likachorwa ramani.

Nimeambiwa ni upele. Ni damu chafu.
Nimekanyaga kitu njia panda.
Wifi yangu anasema ni mkono wa mtu, na mtu huyo anamjua.
Nimekunywa mwarobaini hadi jasho langu likawa chungu.

Mchana niko ghalani, kwenye mzani,
napima korosho za watu, naandika risiti.
Navaa mikono mirefu, na jua la Oktoba halina adabu.
Mzee Likanga aliipokea karatasi yake kwa ncha za vidole
akaipuliza kabla ya kuitia mfukoni.
Aliipuliza. Nilimwona.
Kilo zake mia na kumi na mbili
nikaziandika mia na ishirini na moja,
na jioni mhasibu akanisomea kosa langu mbele ya wabeba magunia.
Usingizi, nilitaka kusema. Sijui tena unafananaje.
Nikasema, "Samahani."

Mwenye kansa huombewa dua.
Mwenye kuwashwa huambiwa akaoge.

Kuna usiku niliutumia ukingoni mwa tangi la mvua,
mfuniko nimeuweka kando.
Nilijiambia naangalia maji yamebaki kiasi gani.
Yalikuwa mengi.
Fadina akakohoa ndani.
Nikarudisha mfuniko, nikaenda kumfunika.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo.
Wao walikuwa wakisema mambo ya mali.
Mimi napajua nisipojipata,
na si mgongoni; mgongoni nina gunzi la mahindi.
Ni huku ndani, nyuma ya mbavu,
kusikofika gunzi wala ukucha wala mwarobaini.

Ndanda, Jumanne, foleni ya ngozi.
Muuguzi kijana, kibao kifuani kimeandikwa Nambunga,
alinipandisha mkono wa gauni, akayatazama makovu,
wala hakurudi nyuma hata nusu hatua.
Akauliza sabuni gani. Akauliza dawa zipi.
Halafu akaweka kalamu mezani.
"Na usiku, dada, huwa unawaza nini?"

Kalamu ilibingirika, ikaanguka. Hakuiokota.
Niliitazama pale sakafuni muda mrefu,
nje watu wanakohoa, mtu anaitwa namba yake,
nikasema, "Tangi."

Hakuniambia nimche Mungu.
Alisogeza kiti.

Nimerudi na kopo la mafuta, vidonge vya usiku
na kadi yenye tarehe mbili:
moja ya ngozi, moja ya kukaa na kusema.
Nauli ya hiyo ya pili sijui nitaitoa wapi.

Bado nawashwa. Nisidanganye.
Saa nane hii hii, kifundo hiki hiki.
Ila leo nimeita kupitia ukutani,
si "Baba Fadina," nimemwita jina lake,
"Chitanda,"
kwa sauti ambayo sikuijua.

Kimya.
Panya wa kweli darini.
Kisha, upande wa magunia,
mkeka ukachakacha.